Mapumziko Manane

Kiwandani walimwita Jicho, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu mbele ya taa nyeupe, chupa za kioo zikimpita juu ya mkanda, naye akizikodolea macho kama wageni wasioalikwa. Yenye ufa, nje. Yenye povu ndani ya kioo, nje. Alilipwa kushuku, na kazi ya miaka kumi na mmoja haivuliwi mlangoni pamoja na viatu. Nyumbani alinusa maziwa kabla ya kuyachemsha na baada ya kuyachemsha. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu mpole asiye na neno na mtu, akichelewa nusu saa alikuta maswali yameshaandaliwa mezani pamoja na sahani.

Kwa hiyo siku damu ilipomtoka, Jicho hakuuliza kwa nini. Aliuliza nani, na jibu alikuwa nalo kabla hajatoka chooni.

Ilikuwa siku ya tatu ya zamu. Alikwenda msalani kama kawaida, akaona doa. Halikuwa kubwa, lakini lilikuwa jekundu, na mimba ilikuwa changa, tena ya kwanza ndani ya miaka sita ya ndoa. Miaka sita ya kuulizwa na kila mwenye mdomo. Aliitaka mimba ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na kwa kuwa hakumwamini mtu, kazini hakuwa amemwambia hata dada wa kiti cha pili. Waliojua ni wawili tu: mumewe, na mama mkwe. Huyu wa pili alijua kwa sababu alikuwa anaishi kwao, na hapo ndipo machale yalipomcheza Jicho.

Mama mkwe alikuja kutibiwa macho. Alisema atakaa wiki mbili. Daktari wa macho akampa chupa ya matone na kadi yenye visanduku sitini, kila siku akitia dawa aweke alama kwenye kisanduku kimoja, basi wiki mbili zikageuka miezi. Hakuwa mtu wa shari. Ila alikuwa na mikono isiyotulia. Alihamisha sufuria, alikunja upya nguo zilizokwisha kunjwa, alimwaga takataka kabla ndoo haijajaa, hata ile ndogo ya bafuni ambayo mgeni mwenye adabu zake huipita kama haioni. Na siku Jicho alipotoka bafuni na kile kipimo cha mkojo chenye mistari miwili, mumewe akaruka juu kama mtoto, mama mkwe hakupiga kigelegele. Alikunja uso akauliza, "Mapema hivyo?"

Mapema hivyo! Nani anamwambia hivyo mwanamke aliyesubiri miaka sita? Jicho aliliweka neno lile moyoni na kulifungia humo. Na kuanzia kesho yake mama mkwe akaanza kumwandalia chai ya tangawizi kwenye chupa ya kwenda nayo kazini. Hakuna aliyemwomba.

Siku ya kupumzika ilipofika, Jicho na mumewe walikwenda zahanati. Mpimaji wa ultrasaundi alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, aliyevaa sweta juu ya koti jeupe kwa ajili ya ile mashine ya upepo iliyokuwa ikivuma juu ya dirisha. Alimlaza Jicho kwenye kitanda kilichotandikwa karatasi. Skrini ilimwelekea yeye mwenyewe, si mgonjwa, na jambo hilo Jicho alilinukuu kichwani.

"Mara ya mwisho uliona siku zako lini?"

"Leo wiki nane kamili."

"Una uhakika?"

"Dada, mimi nakagua chupa maelfu kwa zamu. Wiki nane zitanishinda?"

Na kweli alikuwa na uhakika. Alihesabu kama alivyohesabu siku zote tangu aajiriwe, kwa mapumziko. Tarehe hazikuwahi kukaa kichwani mwake; kiwandani tanuri la kioo halizimwi mwaka mzima, Jumatatu na Jumapili ni ndugu mapacha, na kitu pekee kinachomwambia mtu kwamba muda umepita ni siku ile anayokaa nyumbani kufua sare. Siku zake za mwisho zilianza siku ya pumziko, alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Tangu hapo mapumziko manane, hili la leo likiwa la nane.

Mpimaji akaandika, akaanza kupima. Akapima kwa muda mrefu. Hakusema kitu. Akatoka, akarudi na daktari, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, na wote wawili wakainamia skrini wakinong'ona. Jicho akiwa amelala pale miguu imefunikwa shuka aliwatazama vinywa. Watu wanaonong'ona mbele yako wana jambo lako.

"Mama," daktari alisema mwishowe, "mfuko wa mimba tunauona, na uko mahali pake, ndani ya kizazi. Pembeni yake kuna damu imejikusanya, ndiyo hiyo inayokutoka. Lakini ndani ya mfuko hatumwoni mtoto, wala mapigo ya moyo. Ungekuwa na wiki tano, ningesema bado mapema, tusubiri. Wewe una wiki nane. Kwa wiki nane tungemwona, na moyo ungekuwa unapiga. Nasikitika sana. Inaonekana ilisimama kukua siku nyingi zilizopita."

Mumewe alikuwa ameshika kofia yake. Aliizungusha, akaizungusha, kisha akajifunika nayo uso. Jicho hakulia. Aliomba karatasi ya majibu, akaisoma kuanzia juu hadi chini, akaishika ile mistari ya katikati: ukubwa wa mfuko unalingana na wiki tano na siku tano. Akazitoa kwenye nane. Mimba ilisimama wiki mbili na kitu nyuma. Na wiki mbili nyuma, kwa hesabu yake ya mapumziko, ndipo kipimo kilipoonyesha mistari miwili, na chupa ya chai ya tangawizi ikaanza kwenda kazini.

Daktari alimweleza kwamba anaweza kusubiri itoke yenyewe, au kuna vidonge vya kusafisha kizazi, avimeze nyumbani akiwa na mtu wa kumwangalia. "Hakuna haraka. Ukiwa na shaka yoyote rudi tupime tena." Shaka! Shaka alikuwa nazo chungu nzima. Alimshuku mpimaji kwa skrini yake, alimshuku daktari kwa minong'ono yake, na mama mkwe ndiyo usiseme. Hesabu yake mwenyewe hakuishuku hata kidogo. Akachukua vidonge, akasema atavimeza pumziko lijalo, maana msimamizi wa zamu hakuwa mtu wa kumpa mtu ruhusa ya kuugua katikati ya zamu.

Siku nne zile alikwenda kazini na kurudi, matone mekundu yakigeuka kahawia na kurudi kuwa mekundu. Alipitisha chupa zenye ufa, akarudishiwa na msimamizi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Chai aliipokea kila asubuhi kwa mikono miwili, akasema asante mama, akaimwaga kwenye sinki mama mkwe akigeuza mgongo. Jioni ya siku ya tatu, akipita nje ya dirisha la chumba cha wageni na beseni la nguo, alimsikia mama mkwe kwenye simu. Alikuwa anaongea na binti yake, wifi yake Jicho.

"Damu imemtoka, ndiyo... Mimi nimehesabu tangu mwanzo... Aka, sijamwambia! Akijua hatanisamehe maisha."

Beseni nusura limponyoke. Aliingia ndani moja kwa moja hadi kwa mumewe, aliyekuwa amekaa na mota ya jokofu mapajani, akafunga mlango.

"Mama yako ameniulia mtoto wangu."

Mumewe aliinua uso taratibu. Katika miaka sita hakuwahi kumpandishia sauti, na hata sasa hakupandisha. "Rudia."

"Amenitilia kitu kwenye chai. Nimemsikia kwa masikio yangu akikiri kwa wifi."

"Umemsikia akisema ametia kitu?"

"Nimemsikia akisema nikijua sitamsamehe."

Mumewe aliiweka mota chini. "Jumapili nitampeleka stendi arudi kwao. Kwa ajili yako, kwa sababu umefiwa. Lakini hilo neno umeshalisema, na mimi nimeshalisikia, na sijui nitalipeleka wapi." Usiku huo na uliofuata walilala wamepeana migongo, na asubuhi ya pumziko mumewe aliondoka bila kula. Alisema ataomba ruhusa arudi saa sita, amkalie atakapomeza vidonge.

Jicho alibaki mezani. Vidonge alivitoa kwenye bahasha akavipanga juu ya kisahani, na glasi ya maji pembeni. Nje mama mkwe alikuwa anaanika nguo, akiongea peke yake na vibanio. Ilikuwa saa nne tu. Jicho alikaa akivitazama vidonge vile, na moyo ukamuuma kiasi kwamba alitaka kuumaliza sasa hivi, asingoje saa sita wala mtu wa kumkalia. Alijimiminia maji zaidi. Lakini mkono ukasita. Kabla hajammaliza mtoto aliyekwisha kufa, alitaka ashike mkononi ushahidi wa aliyemwua. Akainuka, akaingia chumba cha wageni, akafungua mkoba wa mama mkwe.

Hakukuta unga wala mzizi. Alikuta leso, miwani iliyovunjika mkono, tembe za presha, na ile kadi ya macho. Alitaka kuirudisha. Kisha jicho lake likafanya kazi yake. Kila kisanduku cha siku iliyopita kilikuwa na alama ya kalamu ya bluu, lakini kisanduku cha tatu kilizungushiwa duara jekundu. Cha thelathini na tatu kilikuwa na nyota. Na cha arobaini na moja kilikuwa na duara jekundu tena, dogo zaidi.

Mama mkwe alimkuta amesimama hivyo, mkoba wazi kitandani.

"Hii nini?" Jicho aliuliza.

"Kadi yangu ya macho."

"Macho siku hizi yanatoka damu?"

Bibi yule aliweka kikapu cha vibanio chini. Alikaa kitandani, akajifuta mikono kwenye kanga muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Hizo ni siku zako," alisema.

"Siku zangu! Unaziandika za nini?"

"Kwa sababu sina haya, mwanangu. Siku ya tatu ya dawa nilimwaga ndoo ya bafuni, nikaona. Nikaweka duara. Nikajiambia, mwezi ukipita asipoona nitajua kabla hajanitamkia. Ndivyo nilivyo. Mabinti zangu wote wawili niliwahesabia hivi hivi na mpaka leo wananinunia. Juzi nilikuwa namwambia wifi yako, akanigombeza, akasema nikuombe radhi. Nikaogopa."

"Na kwenye chai umetia nini?"

"Tangawizi."

"Na nini?"

"Na sukari vijiko viwili, ambavyo vyote vimenywewa na sinki. Sinki linanuka tangawizi tangu juzi. Macho sina, lakini pua Mungu ameniachia."

Jicho alihisi uso unawaka. Hasira ilikuwepo bado, tena nyingi, ila ilikuwa imekosa pa kusimama. Mwanamke huyu kweli alikuwa akimchunguza, kweli alichokora ndoo yake, kweli alizungumza habari za mwili wake kwenye simu. Yote aliyomshuku alikuwa ameyafanya, isipokuwa lile moja. "Basi ongeza alama nyingine," alisema kwa sauti iliyokauka. "Leo namsafisha. Alisimama kukua. Wiki nane nilipimwa na hakukuwa na mtoto ndani."

"Wiki ngapi?"

"Nane. Leo tisa."

"Nani kakwambia tisa?"

"Mimi mwenyewe!"

Mama mkwe aliichukua kadi mkononi mwake. Aliisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua, akaweka kidole kwenye duara la kwanza, na kuanza kuhesabu kwa sauti, kisanduku kwa kisanduku, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Jicho alitaka kumnyang'anya. Hakumnyang'anya.

"...arobaini na tatu, arobaini na nne, arobaini na tano ndiyo leo. Siku arobaini na tano, mwanangu. Hizo ni wiki sita na siku tatu. Ulipokuja na kile kipimo, hapa kwenye nyota, ulikuwa umechelewa siku mbili tu, ndiyo maana nilishtuka. Nilisema, huyu ana haraka kuliko mimi. Hizo tisa wewe umezitoa wapi?"

"Nimepumzika mara tisa tangu..."

Miaka yote aliyofanya kazi pale walikuwa wakifanya siku sita na kupumzika ya saba. Pumziko moja, wiki moja. Hesabu isiyohitaji akili. Lakini miezi miwili nyuma kiwanda kiliwasha tanuri jipya na kubadilisha zamu: siku nne za saa kumi na mbili, kisha siku moja nyumbani. Jicho alilijua hilo vizuri. Miguu yake ililijua, mgongo ulilijua, alililalamikia kwa kila mtu. Hesabu yake ndiyo haikuambiwa. Mapumziko manane yalikuwa siku arobaini.

Alikwenda mbio mezani akachomoa karatasi ya zahanati chini ya kisahani, vidonge viwili vikabingirika mpaka sakafuni. Arobaini gawanya kwa saba. Alihesabu kwa vidole, hakujiamini, akahesabu upya. Wiki tano na siku tano. Karatasi ilisema wiki tano na siku tano. Mfuko ule haukuwa umesimama popote. Ulikuwa na umri wake kamili.

Akakaa palepale sakafuni. Sasa ndipo alipolia, kwa kelele, bila kujali jirani. Mama mkwe alikuja akapiga magoti kando yake, akaanza kupapasa sakafu kwa viganja akitafuta vile vidonge kimoja kimoja, na alipovipata vyote alivirudisha kwenye bahasha akaikalia.

Daktari, alipopigiwa simu, alimwomba asubiri kwanza alitafute faili. Kisha akauliza mara mbili kama ameshameza. "Usimeze kitu. Nilipaswa kukuuliza tarehe, nisikubali wiki. Rudi zikitimia wiki mbili tangu kipimo cha kwanza. Damu ikizidi au tumbo likikukata, njoo siku hiyo hiyo, usisubiri. Na mama, siwezi kukuahidi. Ile damu pembeni bado ipo." Mumewe aliporudi saa sita akawakuta wote wawili wamekaa sakafuni, mama yake akiwa juu ya bahasha. Alielezwa, akataka aelezwe tena polepole, kisha akaenda jikoni akafungua bomba la maji ili wasimsikie akilia. Jicho alimfuata. Alimwambia, "Kwa lile neno nililolisema, nimekukosea wewe na nimemkosea yeye." Mumewe alitikisa kichwa kukubali. Habari ya stendi haikutajwa tena, ingawa iliwachukua siku kadhaa kutazamana usoni.

Siku tisa zile Jicho alizihesabu kwa kalenda ya ukutani. Matone yalikuja na kukatika. Alishuku kila mchomo wa kiuno, kila asubuhi aliyoamka bila kichefuchefu, na aliposikia kichefuchefu alikishuku kwamba ni cha kujitakia. Matumaini aliyashuku kuliko vyote.

Chumba cha kipimo waliingia wanawake wawili, kwa kuwa mumewe alisema roho yake haiwezi, atasubiri kwenye benchi. Mpimaji alikuwa na sweta lile lile. Alitazama faili, akauliza tarehe, na Jicho akamwonyesha kwa kidevu mama mkwe, aliyeitaja tarehe, siku na saa ambayo ndoo ilimwagwa, mpaka mpimaji akamwomba anyamaze.

Kisha kimya kikaingia. Mpimaji alisogeza kipimo, akakunja uso, akabonyeza, akasogeza tena. Jicho alitazama dari. Aliukumbuka ukimya ule wa kwanza, akaanza kujiandaa kuambiwa nasikitika sana, na akajikuta anajiuliza angefanya nini sasa hivi kama mama mkwe wake angekuwa mwanamke mwenye adabu, asiyegusa ndoo za watu. Asingekuwa kitandani hapa. Angekuwa kiwandani, mtupu, akikagua chupa, akimlaani mtu kwa kosa alilolifanya yeye.

"Mtoto huyu hapa," mpimaji alisema. Aliishika skrini kwa pembeni akaigeuza. "Wiki saba na siku tano. Ile damu imepungua. Tazama hapa katikati, panapopepesa. Huo ni moyo."

Kilikuwa kitu kidogo kama punje, na ndani yake kitu kidogo zaidi kinachofumba na kufumbua bila kuchoka. Jicho alikitazama, akakitazama. Hakutafuta kasoro.

"Wapi?" Mama mkwe alikuwa amesogea mpaka karibu aangukie kitandani, shingo mbele, macho yake mabovu yakimtoka machozi. "Wapi, jamani? Mimi sioni. Naona ukungu tu."

Jicho aliunyakua mkono wake. Alikikunjua kile kidole kilichohesabu visanduku arobaini na tano, akakivuta juu ya shuka, juu ya tumbo lake, hadi kwenye kioo chenyewe.

"Hapa, mama. Chini ya kidole chako. Hapa hapa."

"Msiguse skrini, tafadhali," mpimaji alisema.

Hakuna aliyemsikia.